Ila Niliyoisikia kwenye Simu ya Upepo

Mpendwa Baba Kabula,

Leo siulizi umeamkaje. Naanza na mgonjwa, salamu nitaziweka mwisho, kama tunavyofanya siku hizi kwenye simu ya upepo. Habari yenyewe ni hii: betri yako ilikuwa nzima. Siku ile mtoto Limi alipotufia njiani, betri ya zahanati yako haikuwa na kosa lolote, na wewe hukuwa na kosa lolote. Nimelijua hilo tangu wiki iliyofuata, na nimekaa nalo miaka miwili nikikuacha uamini vingine.

Nimekuandikia barua tatu kabla ya hii. Kabula alipokuja likizo aliniambia zote ziko juu ya kabati la mama yako hapo Mhunze, hazijafunguliwa, na moja imewekewa kikombe juu. Nilikasirika, nisikudanganye, kisha hasira zikaniisha. Ndiyo maana hii sijaitia kwenye bahasha. Nimempa Kabula akusomee kwa sauti, na nakala yake nimeibandika kwenye ubao wa mapokezi, mahali palepale tulipokuwa tukibandika orodha ya asubuhi. Mambo yetu yalisikiwa na vituo tisa kila siku kwa miaka mitatu. Hili moja nalo walisikie.

Unaikumbuka Jumatatu lilipokujia lile wazo lako? Serikali ilikuwa imetupangia vituo viwili na ndoa moja: mimi muuguzi wa mapokezi ya dharura hospitalini mjini, wewe tabibu wa zahanati kule machimboni upande wa Nyarugusu. Uliingia na mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi, umemlaza kwenye mlango uliogeuzwa machela, ukakosa pa kumtua. Mabenchi yalikuwa yamejaa, sakafu imejaa, mpaka ngazi za nje zimejaa. Mwenye jino alikaa sambamba na mwenye kutapika damu, na kila mmoja alikuwa na kikaratasi chenye namba ya kufika kwake. Wako alipata namba ya mwisho kwa sababu ndiye aliyefika mwisho. Nilikufokea mbele ya watu, nikakwambia mngemleta mapema. Ulipiga magoti, ukamshika yule bwana mkono mpaka alipoingizwa ndani, na ulipotoka ulisimama katikati ya ukumbi ukawatazama watu benchi kwa benchi.

"Mama Kabula," ukaniambia, "kati ya hawa wote, wangapi walitakiwa kuwa hapa leo?"

"Wote wanaumwa."

"Sijauliza hivyo. Wangapi ni wa leo?"

Nilikuona unanichosha. Lakini Jumamosi iliyofuata ulikuja na daftari la shule, umechora mistari. Vituo tisa, kila kimoja kina simu ya upepo ambayo hutumika kuombea dawa na kutangazia misiba tu. Mapokezi kuna kompyuta iliyoletwa na wafadhili, imefunikwa kitenge, haina kazi ila kuandika barua za mganga mkuu. Ukasema: kila asubuhi saa moja na nusu, kila kituo kiite kwa zamu, kitaje mgonjwa na hali yake kabla hajapanda gari. Mimi niandike kwenye kompyuta, yenyewe iwapange kwa uzito wa ugonjwa, siyo kwa kuwahi. Gari la hospitali lifuate aliyezidiwa. Anayeweza kusubiri aambiwe aje Jumatano. Anayeweza kutibiwa hukohuko, daktari amwelekeze tabibu kwa simu, na mgonjwa abaki nyumbani kwake ale ugali wake.

Nilikucheka. Nilikuwa sijawahi kugusa kile kidude, na vidole vyangu viwili ndivyo vilivyonifundisha. Unamkumbuka yule mzee aliyedhani kioo kile ndicho kinachopima? Alivua shati, akakaa mbele yake, akanyamaza kama yuko studio ya picha.

"Mzee, hii haipimi. Inaandika majina tu."

"Basi andika na mguu. Mguu nao unauma."

Nikaandika mguu. Wewe ulicheka mpaka ukatoka nje, na kwa mwezi mzima ulikuwa ukiniuliza kwenye simu, "Mguu umeamkaje?" na vituo vyote vinasikia.

Kabla mwaka haujaisha niliiona rangi ya sakafu. Miaka sita nilikuwa nafanya kazi katika ukumbi ule na sikujua kuwa sakafu yake ni nyekundu. Asubuhi moja nilitazama chini nikaona saruji nyekundu kutoka mlangoni mpaka dirishani, watu wamekaa kwenye mabenchi wakiwa na nafasi ya kunyoosha miguu, na aliyezidiwa alikuwa tayari ndani kwa daktari kwa sababu jina lake lilifika kabla yake. Nilitamani uwepo. Nilikungoja saa moja na nusu ya kesho yake nikakwambia, "Sakafu ni nyekundu," na ukaelewa papo hapo.

Tuligombania kitu kimoja tu katika mpango ule, nacho ni salamu. Ulitaka tuzifute. Ulisema mtu wa kwetu Usukumani ukimwambia "Mwangaluka" lazima ajibu "Mhola," hata kama nyumba yake inaungua nyuma ya mgongo wake. Kwanza aseme yuko salama, ndipo afuate na "ila," na baada ya "ila" ndipo lilipo jambo. Ukasema simu ya upepo haina subira hiyo, mawimbi yanakatika, tuanze na mgonjwa.

"Mimi nimeolewa na mtu au na orodha?" nikakuuliza.

"Umeolewa na mtu."

"Basi huyo mtu anisalimie."

Ulicheka, ukasema sawa, salamu kwanza. Sikukueleza vizuri siku ile, nakueleza leo. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mchina na ukuta, na Kabula alikuwa bado mdogo wa kulala magharibi. Watu wote niliokutana nao kutwa walikuwa wanaumwa. Wewe pekee ndiye uliyeniuliza mimi nimeamkaje, na uliniuliza mara moja kwa siku, kwa nusu dakika, katikati ya mikwaruzo. Nisingekubali kuitoa nusu dakika ile kwa ajili ya hospitali yoyote. Yule muuguzi wa Buseresere alizoea kutuingilia: "Malizeni mapenzi yenu huko, mimi huku nina watu wanaharisha. Ova." Tulicheka wote, na orodha iliandikwa, na hakuna aliyedhurika. Nilidhani hayo ni ushahidi kwamba nilikuwa sahihi.

Kisha zikaja mvua za Elnino. Barabara ya kwenu ikawa matope mpaka ekseli. Ulikuwa na Jumamosi zako za kuja mjini, nami nazingoja, na zikaanza kukatika moja baada ya nyingine. "Mhola, ila Jumamosi hii lori halipandi." "Mhola, ila mto umejaa." "Mhola, ila kuna kipindupindu, siwezi kuacha kituo." Mara tano, Baba Kabula. Nilijua ni kweli, na bado kila niliposikia lile neno nilihisi kama mtu anafunga mlango polepole. Na nililisikia mbele ya vituo vyote. Nilijibu "Nimekupata" kwa sauti ya kazi, halafu nikaendelea kuandika majina ya watu.

Sasa nafika mahali penyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Usiku mzima kulinyesha, na kwa kuwa magari hayakutembea jana yake, watu wote walifika siku hiyo. Ukumbi ulijaa kama zamani. Radi ilikuwa inapiga mbali na simu inaunguruma. Nikakuita. "Nyarugusu, mwangaluka."

"Mwangaluka, Mama Kabula. Mhola, ila..."

Baada ya hapo mikwaruzo ikazidi, kama mafuta yanayokaanga. Sauti yako ilikuwemo ndani yake. Hili ndilo sijawahi kumwambia mtu: sauti yako ilikuwemo. Ulikuwa unaendelea kusema. Nilichotakiwa kufanya ni kusogeza sikio, au kungoja umalize nikwambie "Rudia." Neno moja. Mimi nilidhani ni Jumamosi ya sita. Nikasema moyoni, leo sitaki kuambiwa tena mbele ya watu. Nikashika kile kitufe cha sauti, nikakipunguza mpaka mwisho. Nikatazama saa ya ukutani. Nilipokadiria umemaliza, nikabonyeza kile cha kusemea nikasema, "Nimekupata, Nyarugusu. Buseresere, njoo."

Nikaandika: Nyarugusu, hakuna mgonjwa. Kompyuta ilifanya kama ilivyofundishwa, ikakuweka chini kabisa ya orodha. Gari likaenda Buseresere kumchukua mtu aliyevunjika mkono, ambaye angeweza kungoja mpaka jioni.

Wewe ulinisikia vizuri. "Nimekupata." Kwa hiyo ukamfunga Limi kwenye kanga, ukamchukua mama yake, mkaenda kusimama barabarani kungoja gari. Mtoto wa miaka mitatu, malaria imemmaliza damu, na damu iko kwetu kwenye jokofu. Mlisimama mpaka jua likawa kichwani. Baadaye nilisikia kwamba ulimwambia mama yake, "Linakuja, nimeongea na mke wangu." Mlipopata lori la wachimbaji mlikuwa mmeshachelewa.

Nilikuwa mapokezi mlipoingia. Watu walisogea kwenye benchi bila kuambiwa. Mama Limi, yule muuza maandazi wa langoni kwako, alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu akiwa amembeba mwanawe mgongoni, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, alinisalimia, akaniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola," akasema. "Ila mtoto ametangulia."

Ulikuwa nyuma yake. Ulinitazama, na macho yako hayakuwa na lawama, yalikuwa yanauliza. Nilichukua kalamu nikaandika jina la mtoto, kwa mkono, kwa sababu jenereta ilikuwa imezimwa.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, watu wa vituo vyote tisa. Mganga mkuu aliniuliza nilisikia nini. Nikasema, "Nilisikia mhola, kisha kimya." Hakuna aliyebisha, maana radi ile iliwasumbua wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Badala yake ukasimama wewe.

"Kosa ni langu," ukasema. "Betri ikichoka, simu inasikia ila haisemi. Jioni ya kabla yake niliiunga kwenye redio, tukasikiliza mpira na wachimbaji. Nilimsikia yeye, yeye hakunisikia. Ni mimi niliyeimaliza."

Ulisema hivyo umeshika kofia yako kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa umbali wa kiti kimoja. Nilitazama viatu vyangu, Baba Kabula. Vilikuwa na tope la njano la nyuma ya maabara, nalikumbuka mpaka leo. Hata ulipokaa sikukushika mkono.

Nikatumwa mimi kuipeleka betri uliyokuja nayo kwa Mzee Karim wa duka la vipuri, aichaji. Unajua anavyopenda vitu vyake, aliipima kwanza kabla ya kuiunga. Akapima mara ya pili. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hii nzima kabisa, chaji imejaa. Nani kasema mbovu?"

"Walidhani tu," nikasema.

"Waambie waache kudhani. Peleka, sina cha kufanya hapa."

Niliirudisha na lori la kesho yake, nikaandika kwenye karatasi: imechajiwa. Uongo wangu wa pili, na huo niliutia sahihi.

Baada ya pale hukunisalimia tena. Saa moja na nusu ilifika, nawe ulisema, "Nyarugusu. Wawili. Mmoja homa, mmoja jeraha. Mwisho." Nilijaribu siku moja kusema "Mwangaluka," ukasubiri nimalize, ukarudia, "Wawili." Muuguzi wa Buseresere naye akaacha utani. Ulipoandika barua ya kuacha kazi, hukunionyesha. Nilijua siku ile saa moja na nusu nilipoita nikajibiwa na sauti ya kijana nisiyemfahamu. Ulikuwa umeshapita Shinyanga, uko njiani kwenda kulima pamba na kuchunga ng'ombe wa baba yako. Mwezi uliofuata mama yako alituma mtu amchukue Kabula, kwamba shule ya huko iko karibu na nyumbani. Sikuwa na mdomo wa kukataa.

Mpango wako unaendelea, hilo nataka ulijue. Sasa vituo ni kumi na vitatu. Watu kutoka wilaya nyingine wanakuja kuutazama, wanasimama mbele ya kompyuta yetu wakiniuliza aliyebuni ni nani, nami nataja jina lako lote. Juu ya simu kuna kadibodi niliyoiandika kwa mkono wangu: MGONJWA KWANZA, SALAMU MWISHO. Ulivyotaka wewe. Inafanya kazi vizuri mno. Sakafu inaonekana hata siku za mnada. Tatizo ni kwamba wakishamaliza mgonjwa wanazima, kila mtu ana haraka, hiyo salamu ya mwisho hakuna anayeifikia. Naamka, navaa sare, naandika wagonjwa wa vituo kumi na vitatu, nasikia sauti kumi na tatu, na mpaka narudi chumbani jioni hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza nimeamkaje. Napika kikombe kimoja cha mchele, na bado kinabaki.

Kitu kimoja nimekiongeza bila ruhusa ya mtu. Kituo kikisema hakuna mgonjwa, siandiki. Nauliza, "Kuna ila?" Nangoja. Wakati mwingine ipo. Mwezi uliopita mmoja alisema hakuna mgonjwa, nikamuuliza, akafikiri, akasema, "Ila kuna mjamzito anasema haoni vizuri." Gari lilimfuata, akajifungua hapa, wote wazima. Vijana wa vituoni wameniita jina, Mama Ila. Wanadhani ni utani mzuri. Nami nacheka nao.

Nilikwenda kwa Mama Limi kabla ya kukuandikia. Bado anakaanga maandazi pale langoni. Nilimweleza kila kitu nimesimama, kile kitufe, saa ya ukutani, betri. Hakuacha kugeuza maandazi. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimekuja kwa hilo. Alipomaliza kuyaopoa yote alifuta mikono.

"Mume wako anajua?"

"Hajui."

"Mimi nimeshazika," akasema. "Yeye bado anabeba. Unangoja nini hapa kwangu?"

Nikageuka nikaondoka. Hakuniambia karibu tena, wala sikutegemea.

Kabula ameniambia kwamba redio ikiwashwa nyumbani unatoka nje, unakwenda kwa ng'ombe mpaka izimwe. Aliniambia kama jambo la kawaida tu, mtoto anavyoeleza tabia ya mtu mzima. Sijalala vizuri tangu hapo. Baba Kabula, ingia ndani. Ule mpira uliousikiliza na wachimbaji haukumuua mtu. Ulipiga simu ipasavyo, ulisema ipasavyo, ulimbeba mtoto ipasavyo. Aliyesikia na hakusema ni mimi. Na wewe mwanangu unayesoma, usiruke maneno haya. Msomee babako yote, hata yanayomhusu mama yako.

Haya ya mwisho nayaongeza baada ya kuibandika: mganga mkuu ameshaisoma nakala ya ubaoni. Jumatatu nina kikao. Huenda nikatolewa kwenye simu, huenda nikatolewa hospitalini, sijui. Sikuombi unirudie kwa sababu nimesema kweli. Nimechelewa miaka miwili, hiyo siyo sifa.

Mgonjwa wangu amekwisha. Sasa salamu.

Mwangaluka, Baba Kabula. Umeamkaje? Ng'ombe wameamkaje, mama ameamkaje? Pamba imefumuka? Mimi huku mhola, ila niko peke yangu.

Nimeachia kitufe cha kusemea. Nasikiliza.

Mkeo,
Mama Kabula